Waya wa Spika Kwenye Gari: Anza na Omu, Ndipo Uulize Geji

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa kijiweni kwangu Msamvu, Morogoro, ni hili: "Fundi, amplifaya hii niifungie waya wa geji ngapi?" Anayeuliza huwa ameshanunua amplifaya, ameshanunua sabufa na boksi lake, na kilichobaki mfukoni ni nauli na hela kidogo ya waya. Anataka nimtajie namba moja, aende dukani, yaishe.

Namba moja haipo. Amplifaya ileile inaweza kutosheka na waya mwembamba kwenye gari moja na kuuchemsha waya huohuo kwenye gari jingine, kutegemea sabufa imeunganishwaje na boksi limewekwa wapi. Ndiyo maana mimi hujibu kwa kuuliza: sabufa yako ni omu ngapi (yaani ukinzani wake kwa umeme), amplifaya inatoa wati ngapi kwenye omu hizo, na kutoka ilipo amplifaya mpaka ilipo spika ni mita ngapi? Ukinijibu hayo matatu, unene wa waya tunaupata hapohapo. Usiponijibu, nitakuwa nabahatisha, na sitaki kubahatisha kitu kitakachopita chini ya zulia la gari ambalo watoto wa mtu watalala humo wakisafiri usiku kwenda Dodoma.

Nichukue kazi moja niliyomfanyia mzee mmoja wa Kihonda mwenye Noah. Ni mwalimu wa kwaya, na alitaka gari lake litoe besi iliyo safi, isiyokwaruza. Alikuja na amplifaya ya besi ya chaneli moja inayotoa wati 500 kwenye omu 1, sabufa ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 2 kila moja, na kifurushi cha waya mwekundu na mweusi alichopewa dukani kama nyongeza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vitu vyote ninavyo, wewe funga tu."

"Waya huu mzee, naomba tusiutumie kwenye sabufa."

"Una nini? Mbona mpya kabisa?"

"Mpya ndiyo, ila ni mwembamba. Nipe dakika chache nikuonyeshe kwa hesabu."

Alikuwa amefundisha shule miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo hesabu haikumtisha. Nikachana kipande cha katoni ya amplifaya, nikachukua kalamu.

Koili mbili za omu 2 zikifungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 1. Zikifungwa mfululizo, hasi ya koili ya kwanza ikiungwa kwenye chanya ya pili, inaona omu 4. Sabufa haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni namna ulivyounganisha vipande viwili vya waya nyuma yake, na hapo mkondo mzima umebadilika.

Mkondo wenyewe unapatikana hivi: gawanya wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Wati 500 kwenye omu 1 ni kipeuo cha pili cha 500, kama ampea 22. Wati 500 hizohizo kwenye omu 4 ni kipeuo cha pili cha 125, kama ampea 11. Na joto kwenye waya linakwenda na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo mkondo ukishuka nusu, joto linashuka mpaka robo. Wati ni zilezile, lakini waya mmoja unateseka mara nne ya mwenzake. Hapa ndipo ushauri wa "wati 500 weka geji fulani" unapovunjika. Ushauri huo hautaji omu, na omu ndizo zinazoamua.

Sasa tuje kwenye waya wenyewe. Geji zinazoandikwa kwenye waya za muziki ni za Kimarekani, na namba zake zinakwenda kinyume: ikipanda, waya unapungua. Ukishuka geji tatu, shaba inakuwa karibu mara mbili. Geji 18 ina shaba ya milimita za mraba 0.8 hivi, geji 16 ina 1.3, geji 14 ina 2.1, geji 12 ina 3.3, geji 10 ina 5.3. Maduka yetu ya vifaa vya umeme yanauza kwa milimita za mraba, kwa hiyo ukikosa geji 16 uliza 1.5, ukikosa geji 14 uliza 2.5, ukikosa geji 12 uliza 4. Zote hizo ni nene kidogo kuliko geji ulizozikosa, na kuzidi si tatizo.

Kila mita moja ya geji 18 ina ukinzani wa omu 0.021. Geji 16 ni 0.013, geji 14 ni 0.0083, geji 12 ni 0.0052. Ukiziona peke yake unaweza kudhani ni namba ndogo zisizo na maana. Lakini spika nayo ni omu 1 tu, au 2, au 4. Ukinzani wa waya ukumbuke kuulinganisha na ule wa spika, na ukumbuke pia kwamba umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo boksi likiwa mita 3 kutoka kwenye amplifaya, unahesabu mita 6 za shaba.

Kwa mzee tulipima kwa kamba. Amplifaya alitaka ikae chini ya siti ya mbele, boksi likae nyuma kabisa, na waya ukifuata ukingo wa sakafu inafika mita 3. Waya wa nyongeza ulikuwa umeandikwa geji 18. Mita 6 mara 0.021 ni omu 0.126. Sabufa ikiwa imefungwa kwenye omu 1, waya huo unakula zaidi ya sehemu moja katika kila kumi ya nguvu yote. Ukipiga amplifaya mpaka mwisho wake, karibu wati 50 zinabaki kwenye waya zikiwa joto. Wati 50 chini ya zulia, juu ya sufi ya kuzuia kelele, mahali ambapo hewa haipiti.

Mzee akauliza swali zuri: "Lakini muziki haupigi kwa nguvu moja muda wote, si ndiyo?"

Ndiyo kabisa. Kwaya au zilipendwa zina mapumziko mengi, na kwa wastani joto litakuwa sehemu ndogo ya hizo wati 50. Lakini gari halibaki kwa mtu mmoja. Kijana wake atalichukua Jumamosi, aweke amapiano, besi ndefu isiyokatika, sauti hadi mwisho, vioo vimefungwa, jua la saa nane mchana. Waya nauchagulia siku hiyo.

Kwa geji 12 hesabu ni hii: mita 6 mara 0.0052 ni omu 0.031, yaani asilimia 3 ya omu 1. Joto linashuka hadi kama wati 15 zikiwa zimesambaa kwenye waya mnene zaidi, na hapo ukiushika hata amplifaya ikiwa imefunguliwa yote utasikia uvuguvugu tu. Geji 14 ingekaa kwenye asilimia 5, ambapo ndipo mpaka wangu ulipo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa sabufa napenda iwe chini ya hapo.

"Kumbe hiki cha bure kingeninyang'anya wati nilizozilipia," mzee akasema, akakiweka kile kifurushi pembeni. Tulikitumia baadaye kwenye twita mbili za mbele, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ambako kinafaa bila wasiwasi wowote. Na amplifaya nikamshauri tuisogeze nyuma ya siti ya mwisho, karibu na boksi. Waya wa spika ukafupika ukawa chini ya mita moja. Kufupisha waya wa spika mara nyingi kunasaidia kuliko kununua geji nene zaidi.

Kwenye milango mambo ni tofauti, na hapo huwa nawazuia watu wasipoteze hela. Amplifaya ya chaneli nne inayotoa wati 50 kila upande kwenye spika ya omu 4 inapitisha ampea 3.5 tu. Hata ikiwa wati 75, ni ampea 4.3. Geji 16 kwa umbali wa mita 5, yaani mita 10 kwenda na kurudi, ni omu 0.13, kama asilimia 3 ya omu 4. Inatosha na kubaki. Kuna vijana wanataka geji 12 mlangoni kwa sababu wamesikia mnene ndio bora. Mlango una mpira ule wa bawabani unaopitisha nyaya zote: za vioo, za loki, za spika. Ukilazimisha waya mnene humo, mpira unatoka mahali pake, maji ya mvua yanaingia, na kila ukifungua mlango waya mgumu unazikwaruza nyaya nyingine. Mlangoni unataka waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, unaokunjika maelfu ya mara bila kukatika. Geji 16 laini ni nzuri kuliko geji 12 ngumu, hilo silibishanii.

Hilo linanileta kwenye waya wa nyumbani. Wengi wananiuliza kama waya wa 2.5 unaofungwa kwenye soketi za nyumba unafaa garini. Shaba yake huwa nzuri, na kwa mkondo hauna shida. Shida ni kwamba waya wa ukutani umetengenezwa ukae mahali pamoja: una uzi mmoja mnene au nyuzi saba ngumu. Gari linatikisika, hasa barabara zetu za vumbi zenye makorongo. Waya mgumu unachoka kwenye kona na kwenye skrubu, unakatika ndani huku plastiki ikiwa nzima, na unatafuta tatizo siku nzima. Kama lazima ununue kwenye duka la umeme wa nyumba, omba waya laini wa nyuzi nyingi. Wa 1.5 mara nyingi una nyuzi 30 za robo milimita kila mmoja, na wa 2.5 una nyuzi 50. Chuna ncha uzihesabu, muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Na sasa jambo linaloniumiza kuliko yote kwenye biashara hii: waya wa alumini uliopakwa shaba. Umejaa madukani. Kwa nje unang'aa rangi ya shaba, plastiki yake ni nene na ya kupendeza, ya bluu au nyekundu inayopitisha mwanga, na bei yake inavutia. Kwenye karatasi utaona herufi CCA, kama zimeandikwa. Mara nyingine hazijaandikwa popote. Alumini inapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 ya shaba, na ukichanganya na lile ganda jembamba la shaba unapata kama theluthi mbili. Maana yake, waya wa CCA ulioandikwa geji 12 unafanya kazi kama geji 14 ya shaba halisi. Ukiutumia, shuka geji mbili: palipotakiwa 14 weka 12, palipotakiwa 12 weka 10. Si haramu kuutumia kwenye spika ndogo. Kosa ni kuulipia bei ya shaba na kuufanyia hesabu za shaba.

Tena, alumini inalegea chini ya skrubu. Unaibana leo kwa nguvu, inajibonyeza taratibu, baada ya miezi skrubu imelegea, na mahali palipolegea ndipo panapochemka. Ukiwa Tanga au Dar karibu na bahari, chumvi inamalizia kazi: ncha inageuka unga mweupe. Nimekata ncha za namna hiyo kwenye magari yaliyotoka pwani, na waya ukasagika vidoleni.

Kuutambua ni rahisi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini inatoa weupe wa fedha. Au pasha uzi mmoja mwembamba kwa kiberiti cha gesi, ukiwa nje na umeushika kwa koleo. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi joto 660, kwa hiyo uzi mwembamba unasinyaa na kudondoka. Shaba inahitaji zaidi ya 1,080, itawaka nyekundu na kubaki imesimama. Na kabla ya yote hayo, uinue tu mkononi. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini, na furushi la mita 20 la kweli unalisikia begani.

Plastiki nayo isikudanganye. Kuna waya unaolingana kidole cha mtoto kwa nje, ukiuchuna unakuta ndani vinyuzi vichache. Unene unaonunua ni wa shaba, kwa hiyo omba kuiona ncha kabla hujatoa hela. Dukani nakwenda na kijisu changu, na nikikataliwa kuchuna sentimita moja, ninaondoka.

Wati zilizoandikwa kwenye amplifaya zinahitaji macho pia, kwa sababu hesabu yote ya juu inaanzia hapo. Katoni yake inaweza kuandikwa wati 3,000 kwa maandishi ya dhahabu. Wewe tafuta wati za RMS, zile inazoweza kutoa mfululizo, na uangalie kama zimetajwa pamoja na omu. Kuna kipimo cha Kimarekani kiitwacho CEA-2006, siku hizi CTA-2006, kinachotaka wati zipimwe kwa volti 14.4, kwenye omu 4, mchafuko wa sauti usizidi asilimia 1. Amplifaya yenye alama hiyo namba zake unaweza kuziamini. Isipokuwa nayo, geuza uangalie fyuzi zake pembeni. Fyuzi ya ampea 30 mara volti 13.8 ni wati 414 zinazoingia. Amplifaya za kisasa za daraja D hugeuza kama asilimia 80 ya umeme kuwa sauti, kwa hiyo hapo usitegemee zaidi ya wati 330 hivi kwa muda mrefu, hata katoni iseme nini. Tumia hizo 330 kwenye hesabu ya waya.

Kuna kitu ambacho lazima nikiseme kwa msisitizo, kwa maana nimekiona kimeharibu gari la mtu. Waya wa spika na waya wa pawa ni mambo mawili. Waya wa spika unatoka kwenye amplifaya, na amplifaya nyingi zina ulinzi wa kujizima nyaya zikigusana. Waya wa pawa unatoka kwenye betri, na betri haijizimi. Ile betri inayozungusha stata kwa ampea mia na zaidi itatoa ampea hizohizo, hata nyingi zaidi, waya wako ukichubuka na kugusa bodi. Gari moja lililetwa kwangu likiwa limefungwa na fundi mwingine kwa waya wa spika geji 16 kutoka betri mpaka amplifaya, bila fyuzi kule mbele. Fyuzi ya amplifaya ilikuwepo, lakini iko mwisho wa safari, haiwezi kulinda waya ulio kabla yake. Waya ulipita kwenye tundu la bati bila mpira, bati likakata plastiki, na zulia upande wa abiria likaungua mpaka kwenye siti. Mwenye gari alikuwa barabarani na mkewe. Walitoka wazima, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kwa hiyo pawa ifanyiwe hesabu yake. Wati 500 ukigawa kwa 0.8 ni wati 625 zinazotoka kwenye betri, ukigawa tena kwa 13.8 ni ampea 45. Kwa umbali wa mita 5 naweka geji 4, au waya wa milimita za mraba 25 ukiikosa, ethi ya unene uleule, fupi, kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Fyuzi ya ampea 60 inakaa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo ipo kwa ajili ya waya: iwe kubwa kuliko mkondo wa amplifaya, lakini ndogo kuliko mkondo ambao waya unaweza kuubeba. Anayekuambia uweke ya 150 ili isikatike-katike anakuondolea ulinzi.

Upande wa spika kuna hatari yake ndogo ambayo mafundi wa zamani wanaisahau. Redio za kale zilikubali hasi ya spika iungwe kwenye bodi ya gari. Redio za sasa na amplifaya nyingi zina umeme kwenye ncha zote mbili. Ukigusisha hasi ya spika kwenye bodi, bahati yako ikiwa nzuri amplifaya itawasha taa nyekundu na kujizima. Ikiwa mbaya, umenunua nyingine. Magari yetu mengi yanatoka Japani, redio zake zinaanzia masafa ya FM ya 76 na kuishia kabla ya stesheni zetu za juu, na wenyewe wanazibadilisha ili wapate stesheni zetu zote. Katika kubadilisha huko nyaya za milangoni hukatwa na kuunganishwa ovyo, na tepu ikiyeyuka kwa jua zinaanza kugusana. Kabla sijafunga amplifaya kwenye gari la namna hiyo, napima kila waya wa spika na bodi kwa mita ya kupimia umeme. Pakionyesha mawasiliano yoyote, kazi inasimama mpaka nimepapata.

Namna ya kupitisha: fuata ukingo wa mlango chini ya plastiki ya kizingiti, mbali na reli za siti. Noah ina siti zinazoteleza mbele na nyuma, na reli yake inakata waya kama mkasi. Kila tundu la bati liwe na mpira. Waya wa spika ukipita upande mmoja wa gari na wa RCA (ule unaoleta sauti kutoka redioni), pawa ipite upande mwingine, utakwepa ule mlio unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini. Acha ulegevu kidogo nyuma ya boksi ili mtu akilitoa kubeba mizigo asing'oe ncha.

Kwenye ncha, chuna kwa kiasi cha urefu wa tundu la skrubu tu, usokote nyuzi zote, ziingie zote. Usikate nyuzi ili waya mnene uingie kwenye tundu dogo, maana pale ulipokata pamekuwa waya mwembamba, na joto litaanzia hapo. Tafuta kikofia cha kubana, ubane kwa koleo lake. Chanya na hasi zisibadilishane: gusa nyaya za spika kwa betri ya tochi ya volti 1.5 kwa sekunde moja, koni ikisukumwa nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Ukimaliza kufunga kuna kipimo ninachokifanya, nawe unaweza kukifanya nyumbani. Weka kwenye simu mlio mmoja wa hezi 50, piga kwa sauti ya wastani. Mita iwe kwenye volti za AC. Pima kwenye skrubu za amplifaya, kisha pima kwenye skrubu za sabufa bila kubadilisha sauti. Kwa mzee, baada ya kuisogeza amplifaya nyuma, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba mita yangu iliichezea tarakimu ya mwisho tu. Kama kwako amplifaya inaonyesha volti 10 na sabufa 9.7, umepoteza asilimia 3, endelea na safari. Ikionyesha 9, fungua ncha kwanza uangalie kama zimebana, kwa kuwa mara nyingi ni skrubu. Zikiwa zimebana na bado ni 9, waya huo ni mwembamba kwa omu hizo, au ni alumini, na inabidi utoke. Skrubu zenyewe zirudie baada ya wiki mbili za kuendesha, kwa sababu nyuzi hukaa sawa kwa mtikisiko na huwa zinapokea robo mzunguko zaidi.